Matanga Yakianuliwa, Mtoto Anabaki na Nani?

Msiba wa Cheyo haujifichi. Turubai linafungwa hadi nje barabarani, mikeka inatandikwa uani kwa wanawake, viti vya kukodi vinapangwa chini ya mwembe kwa wanaume, na kabla jua halijapanda mtu wa daftari ameshaanza kuandika rambirambi: elfu mbili, elfu tano, jina kwa jina. Mjane hakai peke yake hata kidogo. Yupo wa kumshika bega, yupo wa kumpikia uji, yupo wa kulala naye chumbani ili akishtuka usiku akute mtu. Saa hiyo hiyo mtoto wa marehemu, wa miaka tisa au kumi, anapita katikati ya watu na ndoo ya maji. Anatumwa sukari. Akianza kulia anaambiwa anyamaze, yeye ndiye baba wa nyumba sasa. Baada ya siku chache matanga yanaanuliwa, turubai linashushwa, na wazee wa ukoo wanaingia ndani kuamua nani achukue nini. Katika vinavyogawanywa, naye yumo.

Cheyo ni kata mojawapo ya Manispaa ya Tabora, na picha hiyo haihusu Cheyo peke yake. Ni ya mitaa mingi ya Tanzania. Lakini Tabora inafaa kuwa mahali pa kuichambua, kwa sababu huu ni mji uliobobea katika kubeba huzuni za watu. Swali ni kwa nini ubingwa huo unaishia kwa watu wazima, na ingegharimu nini kuufikisha kwa watoto.

Ubingwa wenyewe ulizaliwa njiani. Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Unyanyembe, yaani Tabora ya leo, hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, watu huru waliobeba pembe na nguo kwa ujira, wakakaa mbali na kwao miezi kadhaa kila safari. Mtu akifa kwa ndui au homa katikati ya pori, ukoo wake ulikuwa mbali. Utani ukaziba pengo hilo. Mwanahistoria Stephen Rockel, aliyeandika kwa kina habari za wapagazi, ameonyesha jinsi utani wa makabila ulivyosambaa pamoja na misafara, ukampa msafiri ndugu katika nchi ya watu. Mpaka leo mtani akifika msibani hushika jembe, huzuia kaburi lisifukiwe mpaka apewe chochote, humwigiza marehemu alivyokuwa akitembea, na mfiwa aliyekaa kutwa nzima bila kusema neno hujikuta akicheka huku machozi yanamtoka. Wataalamu wa saikolojia wangehitaji kurasa nyingi kueleza kinachotokea hapo. Mtani anakifanya bila malipo.

Hata hivyo utani ni chombo cha watu wazima, na ni chombo cha kifo. Haujui la kufanya na mtoto aliye hai, hasa pale aliyemuumiza anapokuwa amekaa kwenye mkeka huo huo.

Njia hiyo ya misafara ilipitisha pia watoto. Watumwa waliotekwa magharibi ya ziwa walipita Tabora kuelekea pwani, na baadhi yao walikuwa wadogo mno kujua walikotoka. Katika miaka ya 1880 Wamisionari wa Afrika walikusanya watoto waliokombolewa huko Kipalapala, nje kidogo ya mji. Kituo chao kingine kilikuwa Karema, kando ya ziwa, na huko ndiko alikofika Adrian Atiman. Alizaliwa karibu na mto Niger, akaibwa angali mtoto, akauzwa kuvuka jangwa la Sahara, akakombolewa na wamisionari hao huko Algeria, kisha akasomeshwa uganga wa kisasa Malta. Alifika Karema mwishoni mwa miaka ya 1880 akatibu watu mpaka alipofariki mwaka 1956.

Atiman hutajwa kama ushahidi kwamba mtoto aliyevunjwa anaweza kusimama. Ni kweli, lakini inafaa kutazama alichopewa: nyumba ya kudumu, elimu, kazi ya heshima, na watu waliomhitaji kwa zaidi ya miaka 60. Miaka michache kabla Atiman hajafika Karema, Mtemi Mirambo wa Urambo alikuwa na jeshi la rugaruga. Wengi wao walikuwa vijana waliotekwa vitani, watumwa waliotoroka, watoto waliopoteza ukoo. Nao walipata nyumba, ila ilikuwa ya bunduki. Vijana wenye jeraha linalofanana, mmoja akawa tabibu, wengine wakawa tishio la nchi nzima. Kusema Atiman alikuwa na moyo mgumu na hao hawakuwa nao ni kukwepa hoja. Kilichotofautiana zaidi ni jamii iliyowapokea.

Magharibi ya Tanzania iliendelea kupokea watoto wa namna hiyo. Baada ya mauaji ya Burundi mwaka 1972, serikali ilianzisha makazi ya Ulyankulu, mkoani humu humu Tabora, na baadaye Katumba na Mishamo. Walioingia wakiwa wamebebwa mgongoni walikulia huko, wakalima, wakaunda kwaya zilizosikika nchi nzima. Mwaka 2014 Tanzania iliwapa uraia Warundi zaidi ya 160,000 wa makazi hayo. Kwa mtoto wa mkimbizi, karatasi hiyo ni dawa kuliko inavyodhaniwa: humaliza hofu ya kuamshwa usiku na kuambiwa ondoka.

Lakini jeraha kubwa la utotoni nchini halitokani na vita. Mwaka 2009 Tanzania ilifanya jambo ambalo nchi chache za Afrika zilikuwa zimelithubutu: iliwauliza vijana wa miaka 13 hadi 24, wa kike na wa kiume, nchi nzima, yaliyowapata kabla ya kutimiza miaka 18. Matokeo yalitangazwa mwaka 2011. Karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono. Karibu robo tatu, wa kike kwa wa kiume, walikuwa wamepigwa ngumi, mateke au viboko na mtu mzima au mpenzi. Zaidi ya nusu walisema aliyewapiga ni mwalimu. Na waliotendewa ya kingono, wengi hawakuwahi kumwambia mtu.

Takwimu hizo zilishtua wakubwa. Vijana wenyewe hazikuwashtua.

Sababu za kujali zinajulikana vizuri sasa. Mtoto akiogopa, mwili humwandaa kukimbia au kupambana: moyo unadunda, macho yanakaza, tumbo linasimama. Mtu mzima anayemwamini akimshika, mwili unatulia. Hofu ikijirudia kila jioni baba anapofungua mlango, mwili hukaa kama mlinzi asiyepokewa lindo. Miaka ikipita, mlinzi huyo huchoka na kuharibu vingine. Marekani, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1998, Vincent Felitti na Robert Anda waliwauliza wagonjwa wa kliniki moja ya San Diego kuhusu mateso ya utotoni, kisha wakatazama afya zao. Waliopitia aina nne au zaidi za mateso walikuwa na hatari ya ulevi, sonona na kujaribu kujiua mara nne hadi kumi na mbili kuliko wasiopitia lolote. Watu zaidi ya 17,000 walishiriki utafiti huo kwa ujumla.

Lakini waliohojiwa San Diego wengi walikuwa watu wa kipato cha kati, wenye kazi na bima ya afya. Maswali yalihusu mambo ya ndani ya nyumba. Hakuna aliyeulizwa kama aliwahi kuacha shule kwa kukosa sare, wala kama mtaa wake una maji. Miaka ya baadaye watafiti wa Philadelphia waliongeza ubaguzi na mitaa isiyo salama, na Shirika la Afya Duniani likatengeneza dodoso lenye maswali ya vita na uonevu. Kwa Tabora nyongeza hiyo ndiyo kiini. Hapa umaskini wenyewe humjeruhi mtoto, kisha hufunga milango ambayo angepitia kupona.

Tumbaku inaonyesha hilo vizuri. Tabora, pamoja na wilaya zake za Urambo, Kaliua, Sikonge na Uyui, ni nyumbani kwa zao hilo. Jani bichi likiwa na umande hutoa nikotini inayopenya ngozi. Mchumaji hupata kizunguzungu, kutapika, kichwa kuuma. Mtoto mwembamba humezwa na sumu hiyo haraka kuliko baba yake. Msimu wa kukausha, moto wa bani, yaani banda la kukaushia, haupaswi kuzimika, na mara nyingi anayekesha akisukuma magogo ni kijana wa darasa la sita. Asubuhi analala juu ya daftari. Mwalimu anaona mvivu. Mwaka 2011 ulianza mradi wa kuwatoa watoto kwenye mashamba ya tumbaku mkoani Tabora, ukiwa na madarasa ya ufundi na mikopo midogo kwa akina mama, na mantiki yake ilikuwa sahihi: mtoto hatoki shambani kwa hotuba, anatoka nyumbani kukiwa na shilingi nyingine.

Ndoa za utotoni nazo zina hesabu hiyo hiyo. Takwimu za afya za mwaka 2010 ziliiweka Tabora ya pili nchini, asilimia 58 ya wanawake vijana wakiwa wameolewa kabla ya miaka 18, nyuma kidogo ya Shinyanga. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu binti kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi. Mwanaharakati Rebeca Gyumi, aliyezaliwa Dodoma, aliipinga mahakamani. Mahakama Kuu ilimpa ushindi mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikauthibitisha mwaka 2019. Ushindi wa mahakamani ni jambo kubwa, lakini baba mwenye deni la mbolea na mabinti watatu bado anahesabu ng'ombe.

Hapo ndipo pesa za TASAF, yaani za mpango wa kunusuru kaya maskini, zinapoingia kwenye habari ya kiwewe, ingawa watu wachache huziweka pamoja. Mikoa ya Mbeya na Iringa ilijaribu kuongeza kitu juu ya ruzuku: vijana wa kaya hizo walipewa mafunzo ya stadi za maisha, mshauri wa kuwafuatilia, mtaji mdogo na kliniki zilizofundishwa kuwapokea bila kuwasuta. Mpango uliitwa Ujana Salama, na watafiti waliufuatilia kwa miaka kadhaa. Kwa wasichana waliofikiwa ukatili wa kingono ulipungua, na wavulana walipunguza kupiga watu. Fedha bila mtu wa kuzungumza naye hazitoshi, na ushauri nasaha kwa mtoto mwenye njaa unafanana na kumtandikia kitanda mtu aliyenyeshewa nje bila kumfungulia mlango.

Shuleni ndiko mgogoro unakoonekana kwa macho. Mtoto anayeshtuka mwalimu akiinua mkono kufuta ubao, anayepigana kwa kuguswa begi, anayekaa kimya wiki mbili: Kiswahili cha kila siku kina majina tele ya mtoto huyu, mtukutu, mkaidi, mzito, mwenye mapepo. Neno kiwewe lipo, tena la zamani, lakini hutumika kwa aliyeponea ajali au vita. Halitumiki kwa mtoto wa dawati la nyuma. Akifikishwa ofisini anakuta fimbo. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 1979, zilizorekebishwa mwaka 2002, zinaruhusu mwalimu mkuu kuchapa viboko visivyozidi vinne. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza utesaji lakini inaacha mlango wa kumrudi mtoto kwa kiasi. Kenya iliondoa viboko shuleni mwaka 2001. Wanaotetea fimbo husema mchelea mwana kulia hulia yeye, na wanaamini kwa dhati kwamba ndiyo iliyowafanya wawe watu. Hoja hiyo haifai kudharauliwa, kwa kuwa anayeitoa mara nyingi anazungumzia jeraha lake mwenyewe bila kujua.

Ushahidi wa kuwajibu upo karibu. Wilaya ya Luwero, Uganda, shule za msingi 42 zilishiriki jaribio la mbinu za shirika la Raising Voices la Kampala, ambapo walimu, wanafunzi na wazazi walipanga pamoja kanuni za shule na adhabu mbadala. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha hatari ya mwanafunzi kupigwa na walimu ikishuka kwa asilimia 42. Nchini Tanzania, watafiti wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Dar es Salaam na wenzao wa Ujerumani walifundisha walimu wa sekondari za umma kwa chini ya wiki moja: walimu wakumbuke walivyopigwa wao, na wajifunze kumdhibiti mwanafunzi bila fimbo. Baada ya miezi mitatu viboko vilikuwa vimepungua. Kinachovutia ni huko kukumbuka. Mwalimu mwenye darasa la watoto mia hawezi kuona kiwewe cha mwingine kama hajapata nafasi ya kuona chake, na kumlaumu yeye peke yake, na mshahara wake na foleni ya madaftari, ni kuhamisha mzigo tu.

Je, nani atawatibu walioumia tayari? Madaktari wa akili ni wachache na wengi wako Dar es Salaam na katika Hospitali ya Mirembe, Dodoma. Jibu bora zaidi lilitoka Moshi, na Bungoma nchini Kenya. Watoto 640 waliofiwa na mzazi mmoja au wote, wa miaka 7 hadi 13, walishiriki jaribio ambalo washauri wake hawakuwa na digrii za saikolojia. Walikuwa watu wa kawaida waliofundishwa na kusimamiwa. Kwa wiki 12 watoto walikutana katika vikundi, walezi wao katika vikundi vyao, na mwisho mtoto alisimulia kifo kilivyotokea huku mlezi akisikiliza. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2020, yana somo ambalo wengi hulipita. Mwishoni mwa wiki hizo mbinu ilishinda huduma ya kawaida katika maeneo matatu kati ya manne. Moshi vijijini haikushinda. Mwaka mmoja baadaye, Kenya faida ilibaki, lakini Moshi makundi yote mawili ya watoto yalikuwa yanaendelea kupata nafuu kwa kiasi kinacholingana. Yaani mahali ambapo huduma ya kawaida ya yatima ilifanya kazi yake, nayo ilikuwa tiba. Sare, chakula na mtu anayepita kuuliza habari si vitu vya pembeni.

Serikali ina mfumo kwa maandishi. Mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, MTAKUWWA, ulioanza 2017, unataka kila mtaa, kata na halmashauri iwe na kamati ya ulinzi. Kwa hiyo Cheyo pia inapaswa kuwa na meza ambapo mtendaji, afisa ustawi wa jamii, mwalimu, polisi wa dawati la jinsia na watoto na viongozi wa dini wanakaa pamoja. Kuna namba 116 ya kupiga mtoto anapokuwa hatarini. Kuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Kitete. Tangu Novemba 2021, binti aliyejifungua anaruhusiwa kurudi darasani, jambo ambalo kwa miaka mingi lilikuwa mwiko.

Kinachoukwamisha mfumo huo ni sentensi moja: yamalizwe kifamilia. Mjomba aliyembaka binti analipa ng'ombe, wazee wanapeana mikono, na binti anaendelea kumpelekea chakula. Shahidi hafiki mahakamani. Anayetoa taarifa anaitwa mbaya wa ukoo. Afisa ustawi mmoja anazunguka kata kadhaa kwa nauli yake, na miradi mingi ya watoto yatima iliyoziba upungufu huo iliendeshwa kwa fedha za Marekani, zilizositishwa ghafla mwanzoni mwa 2025. Jamii inayoelewa kiwewe haijengwi juu ya mkataba wa miaka mitano wa mfadhili. Inabidi iegemee kitu kisichokatika, na huku kisichokatika ni ukoo, dini na mtaa, hao hao wanaofunika mambo. Ndiyo maana kazi hii ni ngumu: anayemficha mtoto na anayeweza kumwokoa mara nyingi ni mtu yule yule, bibi anayeogopa kumpoteza mwanawe gerezani na kumpoteza mjukuu nyumbani.

Basi turudi kwenye siku ya kuanua matanga, kwa kuwa hapo ukoo wote umekutana na hakuna mradi uliowaita. Kikao kile kinachoamua baiskeli iende wapi na shamba la Uyui lilimwe na nani ndicho kinachoamua mtoto ataamkia mlango wa nani. Hakuna sheria inayozuia mwenyekiti wa mtaa kuhudhuria, maana msibani amekaa tangu jana. Hakuna kinachomzuia mwalimu wake wa darasa kuitwa. Mtani, aliyezoea kusema mbele ya wote yale ambayo ndugu hawathubutu, anaweza kupewa kazi ya kuuliza kile ambacho hakijaulizwa: huyu mtoto anamwogopa nani kati ya waliokaa hapa? Na kabla hajahamishwa na begi lake la plastiki kwenda Sikonge au Isevya, mmoja wa watu wazima wale atoke nje, akae naye kwenye mzizi wa mwembe, ndoo ya maji iwe imewekwa chini, amsikilize akisimulia baba alivyokuwa siku ya mwisho, hata kama itachukua muda wote ambao wazee wa ndani watatumia kugombea baiskeli.